Shajara ya mradi: Jedwali la kulinganisha shahada za nishati jadidifu

Mradi huu unawalenga watu wa aina tatu: anayesubiri matokeo ya Kidato cha Sita, mwenye stashahada ya ufundi anayetaka kupanda, na mwenye shahada ya kwanza anayetafuta uzamili. Wote huuliza swali moja, "chuo gani kina kozi nzuri ya sola?", na mara nyingi hujibiwa kwa kutajiwa jina la chuo tu. Jedwali tunalolijenga linajibu kwa njia nyingine: mwanafunzi atasoma masomo gani na kwa saa ngapi, bodi gani itamtambua, na atatumia fedha kiasi gani mpaka siku ya mahafali. Kumbukumbu za kazi zimepangwa kwa miezi.

Januari: nani anaingia kwenye jedwali

Shahada zenye "nishati jadidifu" kwenye jina ni chache Afrika Mashariki, na nyingi kati yake ni za uzamili. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya kwanza ya Uhandisi wa Nishati Jadidifu, ya miaka minne. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina uzamili wa Nishati Jadidifu. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, inafundisha sayansi na uhandisi wa nishati endelevu kwa uzamili na uzamivu peke yake. Hii tumeiwekea alama nyekundu, kwa sababu jina lake linawavuta wahitimu wa Kidato cha Sita wakati haina shahada ya kwanza. Chuo cha Ufundi Arusha kinaingia kwa mlango wa stashahada. Kina kituo cha mafunzo ya nishati jadidifu Kikuletwa, wilayani Hai, kilichojengwa ndani ya mradi wa kikanda wa EASTRIP unaofadhiliwa na Benki ya Dunia.

Kwa majirani tumechukua uzamili wa Nishati Jadidifu wa Makerere, kituo cha umahiri cha nishati cha Chuo Kikuu cha Rwanda kilichopo Kigali, na taasisi ya jotoardhi ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri. Tumeongeza pia vyuo viwili vya Kenya, JKUAT (Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia) na Chuo Kikuu cha Moi. Nje ya ukanda tumeanza na sehemu mbili tu: PAUWES, taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika iliyopo Tlemcen, Algeria, yenye uzamili wa maji na nishati wa miaka miwili, na Ujerumani, ambako Oldenburg ilianza kufundisha uzamili wa nishati jadidifu mwaka 1987, wakati vyuo vingi vilikuwa havijaligusa somo hilo.

Uamuzi mkubwa wa mwezi ni huu: Uhandisi wa Umeme na Uhandisi wa Mitambo vinaingia kwenye jedwali, hata kama neno "jadidifu" halipo kwenye jina la shahada. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Wanaoliendesha ni watu wa umeme, mitambo na ujenzi. Kijana anayependa nishati safi akiambiwa atafute tu shahada yenye jina hilo, anakatiwa njia iliyo pana kuliko zote.

Hatupangi vyuo kwa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Orodha ya namna hiyo haimsaidii mwenye D mbili wala mwenye A tatu, kwa sababu kila mmoja ana milango yake.

Februari: kukusanya taarifa

Nyaraka zote zinazungumzia kozi ileile, lakini hazina uzito sawa. Tumezipanga hivi. Kwa sifa za kujiunga, mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka husika ndio unaoamua, na hutoka kwa vitabu viwili: kimoja cha Kidato cha Sita, kingine cha wenye stashahada na sifa linganishi. Kwa masomo, kitabu cha mwongozo cha chuo kinachoonyesha krediti za kila somo. Ili kujua kama somo linafundishwa kweli, ratiba ya muhula unaoendelea. Kwa fedha, tangazo la ada lenye mwaka wa masomo juu yake.

Kila kisanduku cha jedwali kina vitu vitatu: taarifa yenyewe, jina la waraka na ukurasa, na tarehe tuliyoisoma. Taarifa isiyo na tarehe haiingii. Inaonekana kama ukali uliopitiliza, lakini ada ya mwaka juzi inamfanya mzazi auze ng'ombe mmoja pale alipotakiwa kuuza wawili.

Yanayoharibika mara kwa mara kwenye hatua hii:

- Ada ya muhula inaandikwa kwenye safu ya ada ya mwaka. Dawa ni safu mbili tofauti, na ya mwaka ijazwe kwa fomula, isijazwe kwa mkono.
- Ada ya mgeni inachukuliwa kuwa ya raia. Vyuo vingi huandika ya raia kwa shilingi na ya mgeni kwa dola, kurasa tofauti.
- Waraka uliopigwa picha ukigeuzwa kuwa maandishi, tarakimu 1 hugeuka herufi l na 0 hugeuka O. Jumla ya krediti ikikataa kufika 120 kwa mwaka, anza kutafuta hapo.
- Somo moja lina namba mbili za utambulisho, ya zamani na mpya, likahesabiwa mara mbili.

Machi: kupima mtaala

Hiki ndicho kiini cha mradi, na mwezi mzima umeishia hapa.

Kipimo chetu ni krediti. Tanzania krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, zikiwemo za darasani, za maabara na za mwanafunzi kujisomea. Mwaka una krediti 120, kwa hiyo shahada ya miaka minne ina 480. Ulaya mwaka una krediti 60, kila moja ikiwa saa 25 hadi 30. Kulinganisha kwa haraka, gawa krediti za Tanzania kwa mbili. Uingereza wao huhesabu 180 kwa uzamili wa mwaka mmoja, sawa na 90 za Ulaya. Baadhi ya vyuo vya Kenya huandika saa za mihadhara badala ya krediti. Hizo usizigeuze kwa kukisia. Ziache kama zilivyo na uandike pembeni "saa za mihadhara".

Tunachukua orodha ya masomo yote na kuyagawa mafungu sita: (1) hisabati na fizikia; (2) umeme, yaani sakiti, mashine, elektroniki za nguvu, mifumo ya usafirishaji na ulinzi wake; (3) joto na vimiminika; (4) teknolojia jadidifu zenyewe, yaani sola, upepo, maji, bayogesi, jotoardhi na hifadhi ya umeme; (5) uchumi, sera na mazingira; (6) mafunzo kwa vitendo na mradi wa mwaka wa mwisho. Masomo ya jumla kama stadi za mawasiliano tunayaweka fungu la tano ili jumla isipungue.

Tazama programu mbili za mfano tulizozitunga kwa ajili ya kufundishia, kila moja krediti 480:

Programu A: hisabati na fizikia 72, umeme 150, joto na vimiminika 60, jadidifu 66, uchumi na sera 30, vitendo na mradi 102.

Programu B: hisabati na fizikia 66, umeme 48, joto na vimiminika 114, jadidifu 120, uchumi na sera 66, vitendo na mradi 66.

B ndiyo itakayoitwa "Nishati Jadidifu" na A itaitwa "Umeme". Mwanafunzi anayesoma majina atachukua B bila kufikiri. Lakini umeme wa B ni asilimia 10 tu ya shahada, saa 480 kwa miaka minne. Ukishatoa sakiti, mashine na elektroniki za msingi, hakibaki kitu cha kufundishia ulinzi wa laini. Mhitimu wake atapima mahitaji ya nyumba, atachagua paneli na betri, atasimamia mtambo wa bayogesi wa shule na kuuendesha vizuri. Akipelekwa kwenye kituo cha sola cha megawati moja kinachoungwa kwenye laini ya kilovolti 33, atakwama kwenye relei za ulinzi, yaani vifaa vinavyoamuru laini ikatwe hitilafu ikitokea, na hesabu za mkondo wa hitilafu. Wa A atakwama pengine: hajui kusoma takwimu za jua za mwaka mzima wala kupima gesi inayotoka kwenye kinyesi cha ng'ombe 20, ingawa hayo anaweza kuyapata kwa kozi fupi. Ulinzi wa gridi haupatikani kwa kozi fupi.

Kwa sababu hiyo tumeweka kanuni: programu ya uhandisi yenye krediti za umeme chini ya 90 inapata alama ya "uliza idara". Alama hiyo haimaanishi kozi ni mbaya. Anayetaka kufanya kazi ya majiko banifu, bayogesi au mipango ya nishati vijijini anaihitaji B, na A itamchosha bure.

Anayedhani gridi ni jambo la pembeni aangalie mradi wa upepo wa Ziwa Turkana: mitambo 365 ya kilowati 850, jumla megawati 310. Mitambo ilikuwa imeshasimama mwaka 2017, ila umeme wake ulianza kuingia kwenye gridi Septemba 2018, laini ndefu ya kwenda Suswa ilipokamilika. Upepo ulikuwepo muda wote huo.

Mtego mwingine ni masomo ya hiari. Kitabu cha chuo kinaweza kuonyesha "Jotoardhi" na "Nishati ya Upepo" mwaka wa nne, yote ya hiari, na idara ikafungua lile lenye wanafunzi wengi tu. Tunaandika krediti za lazima peke yake. Za hiari zinakaa safu ya pembeni na zinahesabiwa pale tu somo linapoonekana kwenye ratiba ya mwaka huu au uliopita.

Machi, wiki ya mwisho: maabara

Picha za maabara hazipimi chochote. Vifaa vipya vilivyo ndani ya maboksi vinapigika picha vizuri kuliko vinavyotumika. Tunauliza mambo manne: mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaingia maabara saa ngapi kwa wiki, wanagawana kifaa watu wangapi, kifaa cha kupimia mionzi ya jua kilirekebishwa lini, na kama tunaweza kuona karatasi ya zoezi moja lililosahihishwa, jina la mwanafunzi likiwa limefunikwa.

Karatasi hiyo ya mwisho inasema kuliko mengine yote. Wati zilizoandikwa mgongoni mwa paneli zimepimwa kiwandani kwa mionzi ya wati 1,000 kwa mita ya mraba na seli zikiwa na nyuzi 25. Juani Dodoma au Garissa seli hufika nyuzi 60 bila shida. Paneli ya silikoni hupoteza kama asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi inayoongezeka, kwa hiyo nyuzi 35 za ziada zinaondoa asilimia 12 na kitu. Paneli ya wati 400, kwenye mionzi ya wati 800, inatoa takribani wati 281. Ripoti ya mwanafunzi ikionyesha wati 270 au 290, na joto la seli likiwa limeandikwa, hapo kuna maabara. Ripoti ambayo paneli imetoa wati zake 400 kamili ni ripoti iliyoandikwa mezani.

Kuhusu programu za kompyuta, kutokuwa na leseni ya PVsyst, programu ya kulipia ya kupanga mifumo ya sola, si kosa kubwa. SAM ya Marekani inapatikana bure na inatosha kufundishia, na ramani za jua na upepo za dunia ziko wazi kwa yeyote mwenye bando. Chuo kisichotumia programu yoyote, hilo ndilo la kuandika.

Wanafunzi wengi hawajui waanzeje kumwandikia mkuu wa idara, wengine huandika "niaje, kozi ya sola ipo?" na hawajibiwi. Tumeweka barua fupi ya kunakili:

"Shikamoo Dkt. Naitwa (jina), nimemaliza Kidato cha Sita mwaka huu, tahasusi ya PCM. Nafikiria kuomba programu ya (jina kamili). Naomba kuuliza mambo mawili: masomo gani ya hiari ya mwaka wa nne yalifundishwa mwaka huu, na mafunzo kwa vitendo huwa ya wiki ngapi kwa mwaka? Nitashukuru sana kwa muda wako."

Maswali mawili, yasizidi. Barua yenye maswali kumi husubiri nafasi ambayo haiji.

Aprili: bodi na leseni

Shahada na ruhusa ya kufanya kazi ni vitu viwili, na wengi huvigundua kwa kuchelewa.

Tanzania, kujiita mhandisi kunasimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hupitia mafunzo ya kazini chini ya usimamizi yaitwayo SEAP, ya miaka mitatu, kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Programu ikiwa mpya, au jina lake likiwa la sayansi badala ya uhandisi, mwanafunzi aulize ERB kabla ya kujaza fomu, akitaja jina kamili la programu. Kusema "chuo kinatambulika" hakutoshi, kwa sababu kinachoangaliwa ni programu. Anayefunga umeme majumbani na kwenye majengo anahitaji pia leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), ambayo ina madaraja yake.

Kenya milango ni miwili. Shahada ya uhandisi huangaliwa na Bodi ya Wahandisi, EBK. Shahada ya teknolojia ya uhandisi huenda KETRB, bodi ya wanateknolojia wa uhandisi iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Zote ni kazi za heshima, ila mhitimu wa teknolojia hawezi kusajiliwa EBK kama mhandisi. Safu ya "bodi" kwa Kenya kwa hiyo haina "ndiyo" au "hapana". Ina jina la bodi.

Kufunga sola Kenya kuna leseni za EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na mafuta ya huko, chini ya kanuni za 2012: T1 kwa mifumo midogo ya hadi wati 100, T2 hadi wati 300, na T3 kwa mikubwa, ya mseto na inayoungwa kwenye gridi. Shahada peke yake haimpi mtu T3. Kituo cha nishati cha Strathmore, Nairobi, ni mojawapo ya sehemu zinazofundisha kozi hizo, na tumeziingiza kwenye jedwali kama nyongeza ya shahada kwa sababu mwajiri mdogo wa Nakuru au Kisumu huulizia leseni kabla ya kuuliza GPA, yaani wastani wa ufaulu wa chuo.

Mei: pointi

Kwa Kidato cha Sita, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni 0.5. Kiwango cha chini cha TCU kwa shahada ni prinsipo mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0. D ya Fizikia na D ya Hisabati zinafika: 2 + 2. C na S hazifiki, kwa sababu S si prinsipo, hata ziwe ngapi. Juu ya hapo kila programu ina masharti yake, na uhandisi karibu wote unataka Fizikia na Hisabati. Wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) mwenye Hisabati ya sabsidiari asome mstari wa programu neno kwa neno. Hapa ndipo maombi mengi ya nishati yanapokufa, na yanakufa kimya kimya, kwa mwanafunzi mwenye ufaulu mzuri kabisa.

Mwenye stashahada anahitaji GPA isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne, D kwenda juu. Stashahada yake iwe ya fani inayotajwa kwenye kitabu cha pili cha TCU. Aliyesoma sekondari nje ya nchi apeleke vyeti vyake NECTA, Baraza la Mitihani, vilinganishwe mapema. Shahada ya nje inatambuliwa na TCU.

Kwa Kenya tumeweka kikokotoo cha makadirio ya pointi za klasta, yaani kundi la masomo manne yanayotakiwa na programu: gawa jumla ya masomo manne ya klasta kwa 48, gawa jumla ya masomo saba kwa 84, zidisha matokeo hayo mawili, tafuta kipeo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Mwenye 38 kwenye klasta na 68 kwa jumla anapata takribani 38.43. Tumeandika "makadirio" kwa herufi nene, maana hesabu rasmi ni ya KUCCPS yenyewe, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo Kenya.

Juni: gharama mpaka mahafali

Safu ya gharama inahesabu shahada nzima. Shahada ya uhandisi Tanzania ni miaka minne, Kenya mitano. Anayelinganisha ada ya mwaka mmoja anausahau mwaka mzima wa kodi na chakula. Tunajumlisha ada, michango ya chuo, chumba, chakula, bima ya afya, nauli mbili kwa mwaka, na mafunzo kwa vitendo, ambayo mara nyingi hufanyika mkoa mwingine na hudai chumba cha pili.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, huombwa kwa mfumo wa mtandaoni wa OLAMS, na cheti cha kuzaliwa sharti kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, au mamlaka ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Uhakiki ufanyike kabla ya matokeo kutoka. Baada ya matokeo foleni ni ndefu. Wenye ufaulu wa juu kabisa wa sayansi waangalie pia ufadhili wa Samia Skolashipu.

"Ujerumani ni bure" ni sentensi tuliyoifanyia kazi kuliko zote. Vyuo vya umma vya Niedersachsen, jimbo la Oldenburg, havitozi ada ya masomo kwa programu za kawaida, vinatoza mchango wa muhula. Baden-Württemberg inatoza wasio raia wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza mwaka 2024 kutoza wageni wapya wa uzamili euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula, kulingana na programu. Halafu kuna akaunti ya zuio kwa ajili ya viza, yaani fedha za maisha zinazowekwa benki mapema: euro 11,904 kwa mwaka, zinazotolewa 992 kila mwezi. Kwa uzamili wa mihula minne Baden-Württemberg hesabu ni 6,000 ya ada na 23,808 ya maisha, jumla euro 29,808 kabla ya tiketi ya ndege. Anayefadhiliwa na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, haihitaji akaunti hiyo. Asiyefadhiliwa aijue siku ya kwanza, kabla hajalipia mtihani wa Kiingereza.

Julai: jedwali kwenye simu

Jedwali la safu nyingi halisomeki kwenye simu, na picha yake inakula bando na haitafutiki kwa neno. Tumelivunja: programu moja, ujumbe mmoja wa maandishi matupu, mistari isiyozidi kumi na mbili, kwa mpangilio uleule daima. Kwanza sifa za kujiunga, kisha krediti za mafungu sita, bodi, gharama nzima, tarehe ya taarifa. Anayetaka kulinganisha mbili anaziweka moja chini ya nyingine kwenye WhatsApp. Shule zinapewa karatasi ya A4 ya kubandika ubaoni, upande mmoja, bila rangi, ili mwalimu aweze kutoa nakala.

Sifa za kujiunga zimetangulia gharama kwa makusudi. Ada ikiwa juu, msomaji anaipita programu kabla hajajua kwamba ana sifa, na mkopo ungeweza kuziba pengo.

Agosti: uzamili nje, na GPA

Vyuo vingi vya Ujerumani hugeuza GPA kwa fomula ya Bavaria: toa GPA yako kwenye alama ya juu kabisa, gawa kwa tofauti ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwa Tanzania ya juu ni 5.0 na ya kufaulu ni 2.0. GPA 3.8 inatoa 2.2, na huko namba ndogo ndiyo nzuri. Kosa la kawaida ni kuweka 0 pale pa 2.0, ikatoka 1.72, mwombaji akajaza programu asizozifikia. Programu nyingi zinakata 2.5, ambayo kwa fomula hii ni GPA 3.5 kamili, yaani mlango wa daraja la pili la juu. Mwenye 3.4 asipoteze fedha kwenye programu za aina hiyo. Aelekee kwenye zinazopima uzoefu wa kazi au barua ya malengo.

Maombi yanayopitia uni-assist, huduma inayokagua vyeti vya waombaji wa nje kwa niaba ya vyuo vya Ujerumani, yanalipiwa euro 75 kwa programu ya kwanza na 30 kwa kila inayofuata muhula huohuo, kwa hiyo orodha ipunguzwe kabla ya kulipa. Ufadhili wa DAAD kwa kozi za maendeleo kwa kawaida hutaka uzoefu wa miaka miwili baada ya shahada, na shahada isiwe na zaidi ya miaka sita. Kila programu ina tarehe yake ya mwisho, na nyingi hufunga karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, kwa maombi yanayopelekwa chuoni moja kwa moja. Tumeongeza safu ya "mwezi wa kuanza kuandaa nyaraka", miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo. Muda huo unaliwa na barua ya mwajiri na nakala ya matokeo yenye muhuri.

Septemba: kinachoendelea

Madirisha ya udahili ya TCU yanapofungwa na kufunguliwa tena, programu zilizojaa zinatolewa kwenye ujumbe wa simu siku hiyohiyo. Mistari isiyohakikiwa tangu mwongozo mpya utoke inafichwa mpaka isomwe upya. Moi na JKUAT bado hazina mgawanyo wa mafungu sita. Orodha za masomo zipo, kinachosubiriwa ni ratiba za muhula ili masomo ya hiari yapate safu yake.